Iliki Mahali pa Tangawizi

Lorine hupika samaki kwa iliki, na wapangaji wenzake hapo Migori humcheka mpaka leo. Hawakumjua jirani yake wa zamani kule Sindo. Mama yule alikuwa na ncha za vidole zilizonukia kama chai ya sikukuu, na sauti ya chini ambayo sufuria iliisikia kuliko watu. Alikaanga samaki wake wa ngege kwanza, akawamiminia nyanya, kisha akaziponda iliki kwa kitako cha kikombe cha bati na kuyapuliza maganda yatoke mlangoni. Penye tangawizi kwa watu, kwake palikuwa na iliki: kwenye mchuzi, kwenye chai, hata kwenye maharagwe.

Siku moja Lorine alipitia soko la Rodi Kopany akamletea tangawizi mbichi, nene, bado ina udongo. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akaivunja kidogo, akainusa huku amefumba macho. Akakaa nayo hivyo kitambo. Halafu akairudisha.

"Asante, nyara," alisema, yaani "binti yangu" kwa Kijaluo, maana ndivyo alivyomwita Lorine siku zote. "Mimi naipenda sana, lakini mzee wangu ako na vidonda vya tumbo. Itamchoma."

Lorine akatazama nje. Kaburi la mzee lilikuwa palepale uani, saruji yake imepasuka na kuota nyasi tangu kabla yeye hajahamia Sindo. Mama alikuwa ameshainama tena, akiyapuliza maganda ya iliki upande ule.