Sauti Katikati ya Dashibodi

Watu wakisikia kwamba niliingia mashindano ya muziki wa gari, wanafikiri nilikuwa natingisha vioo vya majirani. Sikutingisha kioo cha mtu. Yale ya kelele ni mashindano mengine, wanaoyapenda waendelee. Haya yangu ni ya usafi wa sauti. Jaji anaingia ndani ya gari, anakaa kwenye kiti cha dereva, anafunga mlango, anaweka nyimbo alizokuja nazo mwenyewe, anafumba macho. Kama gari limepangwa vizuri, hasikii spika za milangoni. Anasikia mwimbaji amesimama mbele yake, katikati ya dashibodi, na wapiga ala wake kila mmoja mahali pake. Sauti ikitokea mlangoni, umekosea. Besi ikitokea mgongoni, umekosea. Ni kazi ya masikio tu, na mimi niliianza wakati sikio langu moja lilikuwa bovu.

Bovu kweli, sisemi kwa mafumbo. Mtoto wetu alikuwa bado mchanga nilipopata homa, na sikio la kushoto likaanza kutoa usaha. Nesi wa kituo cha afya akamulika, akasema ngozi ya ndani imetoboka. Akanipa dawa. Nikamuuliza kama nitasikia tena.

"Mara nyingi inajifunga yenyewe, mama."

"Na ikikataa?"

"Tungoje tuone."

Tungoje! Nani anangoja, yeye au mimi?

Kisha mchana mmoja nilijilaza na mtoto, nikalalia upande wa kulia, wenye sikio zima. Nilichoshtukia ni jirani yetu amesimama chumbani, amembeba mwanangu aliyelia mpaka sauti ikakauka.

"Mama bebe, we unalala kama mutu alikufa? Mutoto analia mpaka mi namusikia kule barabarani!"

Nilimchukua mtoto. Uso wake ulikuwa mwekundu, shingo imelowa. Alikuwa amelala kifuani pangu, karibu kuliko mtu yeyote duniani, na sikumsikia. Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Nilikuwa nalala chali kama maiti ili sikio zima libaki wazi, na nikiamka nimegeuka, moyo unaruka. Hofu hiyo nilikuwa siisemi. Ilitoka kama hasira: kwa jirani, kwa nesi, kwa sufuria, na zaidi kwa mume wangu, maana ndiye aliyekuwa karibu.

Mume wangu anafunga redio na spika kwenye magari ya watu. Amezaliwa hapa hapa mpakani, nusu ya ukoo wake iko Goma, na Kiswahili chake ni cha kule. Changu ni cha Karagwe, ambako wazazi wangu waliishi kama wakimbizi kabla ya kurudi nchini. Tunagombana kwa vyote viwili, na tukizidiwa tunamalizia kwa Kinyarwanda. Yeye na wenzake walikuwa wamepanga mashindano kando ya ziwa, na lile gari letu dogo la zamani akalitia spika mpya ili aingie kundi la wanaoanza. Siku moja akaniita.

"Mama bebe, kuja ukae hapa kwa chofa. Mi naguza simu ya kupanga spika, we unaniambia sauti iko wapi."

Gari lilikuwa mbele ya nyumba yetu, mtaani Nengo, pua ikitazama volkano, kwa hiyo mkono wa kushoto ni Goma. Nikakaa kiti cha dereva. Akaweka wimbo wa kwaya, mama mmoja anaimba peke yake. Akanieleza kwamba spika ya kushoto iko karibu na goti la dereva, ya kulia iko mbali, kwa hiyo ile ya kushoto lazima uipunguze na uicheleweshe kidogo, la sivyo kila kitu kinaegemea huko. Mimi nikamwambia aongeze kushoto. Akashangaa, akaongeza. Ongeza tena. Akaongeza, mpaka yule mama akasimama vizuri katikati ya dashibodi. Nikatabasamu. Akakaa yeye.

"Ayiwe! Huyu mama amevuka barrière ya mupaka! Iko Goma kabisa, ananunua kitenge!"

Akacheka peke yake, kisha akaniangalia.

"Bon. Acha mi nipange mwenyewe. We sikio yako moja imekufa."

Imekufa. Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayesema betri imekufa. Sitaandika nilichomjibu, siku moja mtoto atajua kusoma.

Dawa niliimaliza. Usaha ukakauka. Nesi akamulika tena, akasema ngozi imejifunga. Nikamuuliza, je, nasikia vizuri? Akasema hana chombo cha kupima hilo, hiyo ni hospitali kubwa, kwa mpango wa rufaa, na kwa maoni yake niko sawa. Kwa maoni yake! Nilikuwa naziba sikio la kulia kwa kidole na kusikiliza maji yakichemka. Nilisikia. Lakini nilisikia kiasi gani? Mwenye hofu hujidanganya. Kuna siku nilisikia kila kitu, kuna siku niliapa kwamba upande ule umejaa pamba.

Nikarudi kwenye gari. Nikapanga sauti upya, nikamwita mume wangu akae.

"Iko muzuri," akasema haraka.

"Mwimbaji yuko wapi?"

"Iko... pale unataka akae."

Unaona? Alikuwa ameanza kuniogopa. Ningemweka mwimbaji kwenye buti, angesema muzuri. Kwa hiyo ushahidi wake haukunifaa. Nilitaka mtu asiyenijua, asiyejali nikilia au nikifoka, akae kwenye kiti kile na kunionyesha mwimbaji yuko wapi. Sikio langu likiwa bado bovu, nitakuwa nimelipendelea bila kujua, na sauti itaenda kushoto, itaenda Goma, na yeye atalisema mbele za watu. Sawa. Afadhali kujua.

"Niandikishe mimi," nikamwambia mume wangu. "Na usiguse kitu."

"We? Mama, ile mambo inaomba—"

"Usiguse kitu."

Alinifundisha, hilo nampa. Mlango wa kulia ulikuwa unapiga kelele besi ikiingia, tukafungua, tukabandika vipande vya godoro kuukuu. Nilikosea kama kila anayeanza: nilijaza besi, nikaona ni utamu, kumbe nimeufunika wimbo wote. Nilijifunza kusikiliza kwa sauti ndogo na kutoka nje kupumzisha masikio, kwa sababu baada ya muda masikio yanakubali chochote. Nilikuwa nakaa mle mtoto akiwa kwa jirani, yule yule, ambaye alikuwa ananiuliza kama sasa nimeolewa na gari.

Mashindano yalikuwa Jumamosi alasiri, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya asubuhi, kwenye maegesho kando ya ziwa. Isipokuwa mimi, kila mshiriki alikuwa mwanamume. Mume wangu alikuwa amembeba mtoto mgongoni kwa kitenge, na hilo liliwachekesha watu kuliko mimi. Kijana mmoja aliyekuja na gari jeusi akaniita.

"Mama, chanjo ya watoto iko ile upande ingine!"

"Najua. Nimekuja kukuchukua, jina lako limeitwa."

Wenzake wakamcheka vizuri.

Jaji alitoka Kigali, mtu mzima, mpole, wa wale waliokulia Uganda. Akanisalimia, akaingia, akafunga mlango. Sheria ni kwamba mwenye gari anabaki nje. Nikasimama mbele ya boneti, namwona kupitia kioo. Akafumba macho. Nilikuwa sisikii chochote, nauona mkono wake tu. Kuna majaji wanaonyesha kwa kidole wanachosikia, ili wakumbuke wakiandika, na yeye alikuwa mmoja wao. Kidole kikaenda kulia, juu kidogo. Kikaenda kushoto kabisa, mlangoni, kikakaa huko. Nikasema basi, ndiyo hiyo. Kisha akabadilisha wimbo, nikamwona anasikiliza, na mkono ukainuka taratibu, ukaelea, ukashuka katikati ya dashibodi. Ukabaki pale. Haukwenda popote.

Alipotoka akaanza na makosa. Besi yangu imebaki nyuma. Injini ikiwaka kuna mluzi mwembamba, nitazame waya. Gitaa la kushoto limeng'ang'ania mlangoni, spika ile ielekezwe juu kidogo.

"Na mwimbaji?"

"Mwimbaji yuko katikati. Hapo uko sawa kabisa."

"Haendi kushoto?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Mama, nimesema yuko katikati. Nani alikupangia?"

"Mimi."

"Ulipima kwa simu, kwa kipimo?"

"Kwa masikio."

"Basi yatunze," akasema, akaenda kwenye gari jeusi.

Sikupata nafasi ya maana. Waliposoma matokeo sikusubiri hata kusikia nani wa kwanza. Nilienda kukaa kwenye ukuta mdogo unaotazama maji, na kilichonitoka sijui kama kilikuwa kicheko au kilio, lakini mabega yalishuka. Sikujua kwamba nilikuwa nimeyabeba juu kwa miezi yote ile.

Mume wangu akaja na mtoto, akakaa kushoto kwangu, anatazama ziwa, akanong'ona:

"Merci Mungu. Huyu mwanamuke angenimaliza."

"Nani angekumaliza?"

Akaruka karibu aanguke na mtoto. Akanitazama sikio, akanitazama usoni, akahesabu kichwani, niliona, mambo yote aliyokuwa ameyanong'ona upande ule kwa miezi.

"Donc... ulikuwa unasikia tangu lini?"

Sikumwambia. Mtoto akaamka, akaanza kulia akitaka kunyonya. Nikamchukua, nikaenda kumnyonyesha garini, redio imezimwa.