Jikoni Hakuna Afrika Mashariki

Msimamizi wa maonyesho aliingia mjini Meru na skafu ya bendera za nchi jirani shingoni, jua likiwaka. Alibeba kazi za kuonyesha kwamba sisi ni watu wamoja: magome ya mti kutoka Uganda yaliyoning'inizwa kwa waya, kanga za Tanzania zilizochanwa vipande, na video ya mtu akivuka barabara polepole. Video hiyo niliitazama hadi mwisho. Alifika ng'ambo.

Mimi nafundisha kuchora huko Kaaga. Nilipeleka picha ya mama yangu jikoni, akimenya vitunguu vya Tanzania, trei ya mayai ya Uganda kando yake. Nilitaka picha hiyo isafiri na maonyesho hadi Arusha na Kampala, nami nyuma yake. Niliitaka safari hiyo hadi nikawa silali vizuri.

"Ni nzuri," msimamizi akasema, bila hata kuisogelea, "lakini sioni East Africa hapa. Naona kitchen tu."

Ikawekwa nyuma ya mlango, karibu na viti vya plastiki. Akaahidi kuifikiria tena nikimtafutia kitu cha Kimeru hasa. Tayari alikuwa amesoma mahali kuhusu ncoolo, fungu la miraa linalofungwa kwa majani ya mgomba, ambalo kwetu mchumba hulipeleka kwa wazazi wa msichana. Wakilipokea, wamekubali posa. Nilimletea moja, nikamweleza hayo yote kwa utaratibu. Alikuwa akiitikia huku anaandika ujumbe kwenye simu.

Siku ya ufunguzi alisoma hotuba ndefu kuhusu mipaka ya wakoloni. Kisha akashuka na fungu lile kwa mikono miwili, akamnyooshea mama yangu, aliyekaa mstari wa mbele na kitambaa chake cha kanisani. Eti ishara ya ujirani mwema. Mama ana binti mmoja ambaye hajaolewa, na binti huyo ni mimi. Akaikalia mikono yake. Wanawake aliokuja nao kutoka Mikinduri wakaanza kucheka chini chini.

"Mama, shika tu," msimamizi akasema. "Ni performance."

"Posa ni yako ama umetumwa?" mama akamwuliza. "Na watu wenu wako wapi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Msimamizi akainama sikioni pangu, jasho likimtoka chini ya skafu. "Mwambie ashike. Unataka picha iende ama hutaki?"

Mama alisikia. Akaniuliza kwa Kimeru kama ninaitaka sana hiyo safari. Nikasema ninaitaka. Basi akaitoa mikono yake, akaanza kuinyoosha kwa yule mpumbavu, mbele ya wenzake, kwa ajili yangu. Nikaishika, nikairudisha mapajani pake.

Maonyesho yaliondoka bila picha yangu. Baadaye tukasikia wamezuiliwa mpakani Namanga na miraa yao, maana Tanzania ni marufuku, jambo ambalo mtu yeyote sokoni angewaambia. Mama alikuwa jikoni akimenya vitunguu, vilevile vya Tanzania, picha ikiwa ukutani juu ya kichwa chake.

"Ningeshika," akasema, "saa hii ningekuwa na mkwe ameshindwa kuvuka mpaka na majani."

Nilicheka naye. Ile safari bado naitaka.