Madam Aliyeleta Tumbaku Chumba cha Kompyuta

Madam Theodora aliingia chumba cha kompyuta na furushi la tumbaku kichwani.

Sitanii, wadau. Tumbaku. Majani makavu, harufu imejaa hadi mlangoni.

Halafu akazima swichi kubwa. Vioo vyote vikawa giza.

"Leo hakuna kugusa kibodi," akasema. "Leo tunachambua."

Darasa likaangua kicheko. Jilala, kinara wetu wa kompyuta, akanong'ona, "Madam malaria imempanda kichwani."

Mimi sikucheka.

Ngoja niwaeleze. Mimi ni Kashindye. Nilisoma sekondari moja huko Uyui, ukishapita Isikizya. Kompyuta zilikuwa chache, sisi wengi. Kengele ikilia, wavulana wanatimua mbio, wanakaa. Wasichana tunasimama nyuma yao, tunachungulia juu ya mabega.

Mwalimu aliyemtangulia Madam alitufundisha kwa mfano wa lifti ya ghorofani.

Lifti! Sisi jengo refu tulilolijua ni bani, lile banda la kukaushia tumbaku. Ukiuliza lifti ni nini, unachekwa. Basi tukaacha kuuliza.

Mkuu wa shule, Mwalimu Wilbroad, akatangaza paredini kwamba muhula ukiisha wasichana wote tunatolewa kwenye somo la kompyuta.

"Mnatushushia ufaulu," akasema. Basi, imeisha hiyo.

Sasa huyu Madam, mgeni kutoka Moshi, anakuja na tumbaku!

Akamwaga majani mezani. "Nani anachambua nyumbani kwao?"

Nani akubali mbele ya watu kwamba mikono yake inanuka tumbaku? Nikanyoosha mkono.

"Niambie unafanyaje. Kwa Kiswahili, polepole, kama unamwelekeza mtu asiyewahi kuona jani."

"Nachukua jani. Kama lina madoa, naweka huku. La sivyo, naangalia rangi. Kama ni la njano, naweka pale. Narudia hivyo hivyo mpaka yaishe."

Akayaandika ubaoni yote niliyosema. Kisha pembeni, mstari kwa mstari, akaandika maneno yale yale kwa lugha ya kompyuta.

Wadau, nywele zilinisimama. Kile kineno cha Kiingereza, "if", kilichonitesa mwaka mzima kumbe ni "kama" tu!

Akawasha umeme. "Kashindye, kaa. Jilala, mpishe."

Tangu siku hiyo tukawa tunakaa wawili wawili, mmoja anaandika, mwenzake anamwelekeza, halafu mnabadilishana. Wasichana tukaanza kuuliza maswali hadi darasa likawa kelele tupu. Mimi sikutulia tena. Hata nikipalilia, vidole vinachezacheza kwenye mpini wa jembe.

Halafu kikanuka.

Mtu alikuwa amepeleka malalamiko kwa Mkuu kwamba Madam anafundisha watoto tumbaku. Kikao kikapangwa Ijumaa. Madam akishindwa kujieleza, anaondoka. Na sisi wasichana nyuma yake, bila hata kungoja muhula uishe.

Nikamvaa Jilala nyuma ya jiko la shule. "Ni wewe! Umenyang'anywa kiti, ukaenda kusema!"

"Haki ya Mungu si mimi! Kiti kiliniuma, sikatai. Ila dada yangu, tunayesoma naye humu, naye sasa anaelewa. Nimchome Madam ili iweje?"

Sikumwamini hata kidogo.

Ijumaa tukakusanywa chumba cha kompyuta. Mkuu akaketi mbele, Madam amesimama pembeni.

"Mlalamikaji aingie," Mkuu akasema.

Akaingia mama yangu, anakohoa.

Nikamwita mama kwa kilugha chetu: "Mayu?"

Hakuniangalia. "Walimu, mimi nimechambua tumbaku tangu utoto. Hiki kikohozi mnachokisikia ni cha bani. Huyu nimemleta shule aikimbie tumbaku, ninyi mnamrudishia darasani! Watoto wa mjini, wa Cheyo, nao mnawafundisha tumbaku? Au ni wetu tu?"

Madam machozi yalimlenga.

"Shikamoo, mama," akasema taratibu. "Swali lako ni la haki."

Nikajikuta nimesimama. "Mayu, tumbaku ilikuwa ya kuanzia tu. Siko humo tena."

"Basi nionyeshe kitu kisicho tumbaku. Sasa hivi."

"Kitu gani?"

Akafikiri kidogo. "Foleni ya kisimani. Aliyewahi anachota kwanza. Ila mjamzito na mzee wanapita mbele. Haya, iambie hiyo mashine yako."

Nikakaa. Nikaandika majina ya watu wa kisimani na masharti ya mama. Nikabonyeza.

Wazee wakatokea mwisho wa foleni.

Mkuu akaguna. Jilala akasogea, mkono unaitaka kibodi kabisa. Akajizuia, akaurudisha mgongoni.

"Soma kila 'kama' yako tena," akaninong'oneza. "Usikimbie."

Nikasoma. Nikaona nilipogeuza. Nikarekebisha, nikabonyeza.

Majina yakajipanga. Mjamzito mbele, bibi akafuata, wengine nyuma.

Mama akainama, akayasoma moja moja kwa kidole. "Nani kakufundisha hii ya kisima?"

"Hakuna. Nimefikiri mwenyewe."

Kisha akamgeukia Mkuu.

"Mwalimu, malalamiko yangu nayabadilisha. Sasa nalalamika kwamba mnataka kumtoa."

Darasa lililipuka! Mkuu akajikohoza, akafunga koti. "Wasichana wanabaki, na Madam pia," akasema. "Ila tumbaku humu ndani, marufuku."

Madam hakubisha. Wiki iliyofuata alituambia mifano tuilete sisi. Mmoja akaleta zamu za kuchunga, mwingine akaleta sauti za kwaya, na Jilala akaja na lifti. Alikuwa ameipanda mjini, akatueleza vizuri, na safari hii hakuna aliyechekwa.

Leo niko chuo, nasomea kompyuta. Mama bado anakohoa, ila akiulizwa mwanao anasoma nini, anajibu kwa sauti hadi majirani wanasikia.

Walimu mnaosoma hapa, mpeni mtoto mlango anaoujua, ataingia mwenyewe. Ila msimfungie humo.