Daktari wa Kope

Enzi za vijiji vya ujamaa niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba daktari akienda kusomea kiungo kimoja, viungo vingine vyote vinamtoka kichwani. Msomeshe macho, kisha mletee mguu uliovunjika: atakuuliza hicho ni kitu gani. Upande wote wa Ikungi tulijua hivyo. Ilisemekana kuna mmoja alisomea meno, akarudi asimtambue mkewe mpaka alipocheka.

Na mimi ndiye niliyeitwa kusomea macho.

Nilikuwa mganga mpya wa zahanati, zao la masomo ya jioni pale Itigi, ambako mchana nilipakia magunia relini na jioni nikasinzia mbele ya ubao kuliko mtu yeyote aliyewahi kufaulu Afrika Mashariki. Zahanati niliipata kwa jasho. Hapo nazalisha, nachoma sindano, nafunga vidonda. Nikisahau hayo, nikauliza, nani atanipa kazi?

Balozi wetu wa nyumba kumi alinijibu mbele ya watu, tukipalilia shamba la kijiji.

"Ukirudi na macho matupu, mwanangu, zahanati tunampa mwingine. Wewe tutakupa jembe."

"Mnipe mawili, mzee. Nimelima tangu sijaota meno."

"Au watampeleka mbuga ya Rungwa akatibu macho ya tembo," akadakia mmoja kutoka mstari wa nyuma. Shamba zima likacheka.

"Nitakwenda. Tembo hana maneno mengi kama nyie."

Nilikuwa nimekasirika kweli. Mama yangu, kama akina mama wengi pale, alitembea na kibano cha mhunzi kwenye pindo la khanga, cha kung'olea kope zilizogeukia ndani zikimkwaruza jicho. Mimi, daktari wake, nilimpa dawa ya kupaka na pole. Basi nikasema hata nikisahau jina langu, naenda.

Nikaenda. Chuoni, kila asubuhi nikipiga mswaki, nilikariri malaria, minyoo, uzazi na sumu ya nyoka kwa sauti, mpaka nadhani kunguru wa pale wangeweza kuzalisha. Wenzangu walininunia. Sikunyamaza.

Nilipomaliza, sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa mganga mkuu wa wilaya, nikampa shikamoo, nikakataa kiti.

"Sijasahau kitu, mzee. Niulize lolote. Zahanati yangu simwachii mtu."

Akaweka kikombe chake chini. "Nani alikwambia utasahau?"

"Watu wote."

"Hakuna anayesahau. Macho umeyaongeza juu ya yale ya kwanza, basi. Wala hayakupandishi: kijiji kinataka mtu mmoja wa kila kitu, kwa hiyo unarudi zahanati ile ile, kwa cheo kile kile. Ila mwenye kope zilizogeuka usimlete tena huku kwangu. Utampasua mwenyewe."