Niyonsaba na Darubini Mbili

Niyonsaba alikuwa askari wa wanyamapori upande wa Kibondo, na mumewe Kipriani alikuwa fundi cherehani Kasulu. Kwa hiyo ndoa yao ilikuwa ya likizo. Kila akitoka porini alikuta watoto wamerefuka, na Kipriani amevumbua namna nyingine ya kuunguza ugali. Jumapili aliyojaliwa kuwa nyumbani aliimba sauti ya pili kwenye kwaya, na ombi lake kwa Mungu lilikuwa moja tu: apate kazi itakayomruhusu kulala kwake.

Mwaka huu mlango ukaonekana. Vituo vyote vitashindana kulenga shabaha, na mshindi atafanywa mkufunzi wa askari wapya pale pale Kasulu. Mkufunzi hulala nyumbani.

Mashindano yenyewe ni ya bunduki tatu kwa mbio moja. Kipenga kikilia unakimbia na bastola, unapokea shotgani, unamalizia na bunduki ndefu. Hiyo ndefu ndiyo yenye visa. Inaanza na vibao vilivyo karibu, karibu kama jirani wa kuazima chumvi, halafu inakupeleka kwenye sahani za chuma ng'ambo ya bonde, ndogo kama vifuniko vya sufuria. Mwaka jana sahani hizo zilimwangusha Niyonsaba, maana macho matupu yana mwisho wake.

Basi kampuni moja ya uwindaji ikajitolea kumpa darubini ya kufunga juu ya bunduki. Ikaleta mbili, achague moja. Kubwa ilikuwa nene kama chupa ya chai, nayo huvuta kitu kuanzia mara nne hadi mara kumi na sita. Ndogo ilianzia mara moja, yaani unakiona kitu kama kilivyo, ikaishia mara sita, na ndani yake mliwaka nukta nyekundu.

"Chukua kubwa, dada," alisema Afande Badru, mkuu wa kituo. "Hiyo unamwona mpaka sisimizi akipiga mswaki. Hii ndogo ni ya kuchambulia dagaa."

Askari wakacheka.

"Naomba niende nazo nyumbani nikazijaribu, afande. Jumatatu nitakujibu."

"Nenda. Ila bunduki inabaki ghalani. Usije ukamlenga Kipriani kwa sababu ya ugali."

Jumamosi asubuhi Niyonsaba alisimama uani, akaizungusha darubini kubwa mpaka mwisho, akaielekeza ng'ambo ya bonde kwenye migomba. Ghafla uso mzima wa Mzee Ndihokubwayo, baba mkwe wake, ukamjaa jichoni. Mzee alikuwa anakula muhogo wa kuchoma. Jivu lilikuwa kwenye masharubu.

Kwao mkaza mwana hatamki jina la baba mkwe, humwita databukwe tu, wala hamtazami akila. Niyonsaba alidondoka magotini, akajifunika kitenge usoni, akapiga makofi ya heshima.

"Nisamehe, databukwe! Sikujua kama uko mezani!"

Kipriani akatoa kichwa dirishani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Unamwomba msamaha nani?"

"Baba. Nimemkuta anakula."

"Umemkuta wapi?"

"Kwake."

Kipriani akalitazama bonde, akamtazama mkewe, akalitazama bonde tena. "Kwake si kule ng'ambo?"

"Wewe hujaona nilichokiona!"

Kipriani alicheka mpaka akakalia pini zake. Binti yao Nadine akasimama mlangoni. "Mama, unitazame na mimi!"

Niyonsaba akageuka na darubini ile ile. Akaona bluu tupu. Akasogeza kichwa kidogo, giza likaingia. Akakirudisha, akakuta kifungo cha gauni, kikubwa kama sahani ya wali.

"Nadine, uko wapi?"

"Niko hapa!"

"Hapa wapi, mwanangu?" Na mara jicho la kuku likamtumbulia kutoka ndani ya kioo, akapiga kelele.

Akachukua ile ndogo, akaiweka kwenye mara moja. Macho yote mawili wazi, akamwona Nadine mzima, kuku wake, na suruali za wateja kwenye kamba. Nukta nyekundu ilitulia popote alipotaka. Akaizungusha hadi sita, akavuta pumzi, akatazama ng'ambo kwa jicho la woga. Aliona mtu amekaa, mkono unakwenda mdomoni. Anakula nini, hilo alilijua mwenyewe na Muumba wake.

"Hii ina adabu," alisema.

Jumatatu Afande Badru alishika kiuno. "Umechagua ya dagaa?"

"Ndiyo, afande. Sahani siendi kuisoma, naenda kuigonga."

Taabu ilibaki moja. Kwenye mbio, vidole vyenye jasho viliteleza kila alipotaka kuzungusha pete ya darubini. Kipriani akaivalisha pete hiyo kipande cha mkanda wa ngozi, akakiacha na ulimi wa kuvuta kwa dole gumba. Huku ni karibu, huku ni mbali. Hakuna kutafuta.

Siku ikafika. Melkiadi wa kituo jirani alitangulia na darubini kubwa kama mzinga wa nyuki. Alipofika vibao vya karibu akaanza kuhangaisha kichwa. "Kibao kiko wapi?" "Mbele yako, Melkiadi!" watu wakapaza sauti. Sahani za ng'ambo alizigonga zote, ila muda ulikuwa umekwisha kumla.

Zamu ya Niyonsaba, bastola ikaimba, shotgani ikafuata, na vibao vya karibu alivipitia kama anayefagia uwanja. Akavuta ulimi wa ngozi hadi sita. Kilichobaki ni kulala kifudifudi alenge ng'ambo.

Akainama, na hapo akamwona Mzee Ndihokubwayo, amevaa koti la kanisani, amesimama mbele ya watazamaji wote. Alale kifudifudi na suruali, mbele ya baba mkwe? Akaganda nusu ameinama nusu amesimama.

"Lala chini! Muda!" alifoka Afande Badru.

Kipriani, aliyesimama ubavuni mwa mzee, akaelewa. Akamnong'oneza baba yake. Mzee akashtuka, akageuka upesi akaupa uwanja mgongo, akainua fimbo. "Wazee, geukeni nyote!" Wakageuka wote, hata ofisa mmoja mgeni aliyekuwa hajui wanageukia nini.

Niyonsaba akajilaza. Sahani ilikuwa doa dogo jeupe tu. Akaifunika kwa nukta nyekundu. Ngaa! Ya pili ikalia. Ya mwisho akaikosa, akasema moyoni, "Bwana, nilale kwangu," akafyatua tena. Ngaa!

Hesabu ya muda ikasomwa, kelele zikapanda. Mzee alikuwa bado ametazama barabarani.

"Kipriani, wanasemaje?"

"Ameshinda, baba. Anarudi nyumbani."

"Asifiwe Mungu! Basi nigeuke?"

"Bado, baba. Hajainuka. Amelala pale pale, analia."