Agano Tulilokata kwa Kabichi

Mwaka ule wa uchaguzi, kabla mambo hayajaharibika, nilikuwa nikiwafundisha akina mama Biblia katika kanisa letu la mabati kule Lindi, kijiji kimoja cha Kibera, Nairobi. Tulikuwa Wakamba na Wajaluo, wapangaji watupu, na somo langu la mwisho lilikuwa agano. Nililifundisha vizuri, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Niliwaambia kwamba Waebrania hawakusema wanafanya agano, walisema wanalikata. Mnyama alipasuliwa, vipande vikalazwa vikitazamana, na mwenye kuapa akapita katikati, maana yake: nikivunja neno langu, nifanywe kama huyu. Nilitaka walione kwa macho, kwa hiyo nikaja na kuku. Mama mmoja wa Kitui akagoma mlangoni.

"Hiyo ni kithitu," alisema. "Kwetu mtu akivunja hiyo, nyumba yake inaisha. Mimi sipiti hapo."

Kithitu ni kiapo cha Ukambani, na hata aliyeokoka anakiogopa. Akina mama wa Kijaluo nao wakamuunga mkono. Basi kuku akafunguliwa miguu, tukapasua kabichi. Tukapita katikati wawili wawili, tukicheka, kila mmoja akimwambia mwenzake, "Mlango wangu ni mlango wako." Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Mimi nilipita na rafiki yangu Mjaluo, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliyekaa Kisumu Ndogo, kijiji jirani hapo hapo Kibera. Tulikuwa tumeombeana kwa miaka. Alipojifungua, mimi ndiye niliyempikia uji.

Matokeo yakatangazwa, Kibera ikawaka. Mwanzoni sisi Wakamba hatukuguswa sana. Kisha wanasiasa wa kwetu wakaingia upande wa serikali, na kufumba na kufumbua sote tukawa wasaliti machoni pa majirani Wajaluo, waliokuwa upinzani, hata mimi ambaye hakuna mkubwa aliyewahi kuniomba ushauri. Vijana walipoingia kwenye ploti yetu wakigonga mabati kwa panga, nilimbeba binti yangu mgongoni nikakimbilia kwa rafiki yangu. Ilikuwa mchana kweupe. Mlango haukuwa na kufuli nje, na moshi wa jiko ulikuwa ukitoka juu ya ukuta. Nilibisha. Niliita. Mtoto akalia. Hakuna aliyefungua.

Nilitembea hadi mtaa wa Kawangware kwa kaka yangu, na huko hasira ikaota mizizi. Huko waliokuwa wakitupiwa vyombo nje ni Wajaluo, na baadhi ya waliovitupa niliwaona Jumapili kwenye kwaya, kanzu zimepigwa pasi. Nilitamani kuwatupia Biblia, ile kubwa yenye jalada gumu. Wagibeoni walimdanganya Yoshua ili wapate agano lake. Walipovamiwa, bado alikwenda kuwapigania kwa sababu alikuwa ameapa. Hawa wetu, walioapa kwa ubatizo, hawakudanganywa na mtu. Walijua wanachoapa, wakaimba na pambio juu yake.

Wakubwa walipopatana, tukarudi. Pasta, ambaye wakati wote ule alikuwa kwao shambani, akaitisha ibada ya kufanya upya agano. Kulikuwa na soda na mkate, na kila mtu alitakiwa kumshika mwenzake mkono na kusema amesamehe. Ati basi, yamekwisha. Nikasimama.

"Pasta," nilisema, "siku za Yeremia watu walipita katikati ya ndama, wakaapa kuwaacha watumwa wao huru, halafu wakawarudisha utumwani. Mungu hakuwapa soda. Aliwaambia atawafanya kama yule ndama."

"Dada, tusiharibu ibada," alisema.

"Ibada iliharibika nikiwa nabisha mlango."

Rafiki yangu alikuwa benchi la mbele. Nikamgeukia. "Siku ile nilikuja kwako. Ulinisikia?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa uwongo. Nilijua atasema alikuwa sokoni, na nilikuwa na jibu lake kali tayari mdomoni.

"Nilikusikia," alisema. "Nilikuwa nimekaa chini, nyuma ya mlango. Nilisikia mtoto akilia. Walikuwa wamesema nyumba yenye itaficha Mkamba itachomwa na watu wakiwa ndani. Niko na watoto, dada."

"Na mimi?"

"Na wewe pia uko na mtoto. Najua."

Hakujitetea zaidi ya hapo, na hilo lilinikasirisha kuliko uwongo wowote. Uwongo ningeupasua. Pasta akapiga haleluya ya haraka na kuanzisha wimbo, na watu wakaimba kwa sauti kubwa ili wasitutazame. Rafiki yangu akanyoosha mkono wake. Sikuushika. Mkono ni rahisi. Mkono hata wale wanasiasa walipeana.

"Kesho mchana nitakuja kwako na binti yangu," nilimwambia. "Nitabisha."