Korola Iliyoshuka Kimya

Nakumbuka harufu kabla sijaikumbuka siku yenyewe, mwanangu: harufu ya breki zilizoungua, imetanda juu ya barabara tupu, na gari lililoiacha halionekani. Jana ulinitumia picha ya Korola nyeupe inayouzwa hapo Chanji, ukaandika, "Mzee, mashine hii. Nataka niiingize njia ya Milepa, ibebe abiria." Najua umesubiri jibu tangu asubuhi. Jibu ni kwamba gari ni zuri. Lakini nilipoiona ile picha harufu ilinirudia puani, nikaacha chai ikapoa, nikaona nisikujibu kwa neno moja.

Kuhusu gari lenyewe hatutabishana. Sijui gari jingine dogo lililopendwa hivyo na watu wasiofanana: padre, mwalimu, dereva wa teksi, mfugaji aliyetoka kuuza ng'ombe. Linakunywa petroli kwa adabu. Likigoma, fundi wa gereji yoyote anajua pa kuligusa, na kipuri chake utakipata hata kwenye duka linalouza sabuni na misumari. Buti lake linameza magunia ambayo waliolichora hawakuyafikiria. Ukilichoka, unalitangaza asubuhi na jioni huna gari tena. Mimi, mwenye shahada mbili na maoni kuhusu kila kitu, niliwahi kununua gari la aina nyingine ili nionekane mtu wa tofauti, na mama yako hajamaliza kunicheka.

Ubaya wa gari hilo, kama ni ubaya, ni kwamba linakuzoesha. Linawaka kila asubuhi, linafika kila unakolipeleka, mpaka siku moja unajikuta unaliamini kama unavyoamini kwamba sakafu ya nyumba yako haitakudondosha.

Kaka Kasiani, mtoto wa baba yangu mkubwa, alikuwa ameliamini hivyo. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nimerudi Sumbawanga likizo, na nyumbani wakaniambia nimsindikize shangazi Leokadia kwenda Milepa kumwona binti yake aliyejifungua. Kasiani alikuwa anashuka na Korola ya baba yake. Shangazi alikaa mbele. Nyuma tulibanana mimi na mfugaji mmoja aliyeitwa Masanja, aliyekuwa anarudi kwake bondeni, pamoja na mkewe na mtoto wao mchanga. Kwenye buti kulikuwa na ulezi, mahindi, na mzigo wa uzazi ambao shangazi alikuwa anampelekea binti yake. Tulikuwa na masweta, maana baridi ya huku juu unaijua, na Kasiani alinitania njia nzima akiniita msomi, akiniuliza kama huko Dar es Salaam walikuwa wamenifundisha kubadilisha tairi. Hawakuwa wamenifundisha.

Sasa nikueleze jambo ambalo wewe hukulikuta. Pale uwanda wa Ufipa unapokatika na kuliacha bonde la Ziwa Rukwa liko chini kabisa, madereva wa njia ile walikuwa na desturi yao. Walisimama, wakajinyoosha, wakakojoa, kisha wakaweka gia huru na kuzima injini. Walishuka hivyo, kona baada ya kona, bila kuchoma hata tone la petroli. Waliiita kushuka kimya. Bondeni petroli ilikuwa ikiuzwa kwenye chupa, ikiwa ipo, na dereva aliyefika chini na petroli ileile tangini alionekana mwanaume. Jambo ambalo halikusemwa ni kwamba injini ikizimwa, breki inapoteza msaidizi wake. Unakanyaga mara ya kwanza na ya pili inakubali. Baadaye pedali inakuwa ngumu kama unakanyaga gogo, na hakuna gia inayokusaidia kulizuia gari.

Kasiani akazima. Mwanangu, ule ukimya sitausahau. Gari linakwenda na halisemi kitu, unasikia kokoto tu chini ya tairi, na upepo dirishani, na kila kona upepo unazidi kupiga kelele. Upande mmoja ni udongo mwekundu wa mlima. Upande wa pili unaona vilele vya miti iliyoota mbali sana chini. Nilijua vizuri kueleza, kwa Kiingereza na kwa michoro, kwa nini kitu kizito kinachoteremka huongeza kasi. Sikujua kusema "naogopa".

Aliyesema ni shangazi. Alikuwa ameacha kutazama barabara, anatazama mguu wa Kasiani, na mguu ule ulikuwa unatetemeka juu ya pedali. Akamwambia awashe gari. Kasiani akacheka, akasema gari linaijua njia lenyewe. Shangazi akamwambia basi asimamishe, yeye atatembea. Tulipofika mahali barabara ilipolala kidogo, Kasiani alisimamisha kwa kuvuta breki ya mkono na kusaga meno, kisha akageuka kwetu huku akitabasamu kama mtu aliyefanya hivyo kwa kupenda.

Shangazi aliteremka. Akamwambia mke wa Masanja ampe mtoto ambebe hadi chini. Yule mama alimtazama mumewe, na Masanja akasema kwa upole kwamba gari hilo amelipanda miaka, halijawahi kumwangusha, bibi asisumbuke. Mtoto akabaki. Kisha shangazi akanigeukia.

"Na wewe shuka, unibebee mzigo."

Usije ukamsimulia mtu kwamba baba yako alikuwa na busara siku ile. Niliokolewa na kanga za uzazi na kopo la unga wa uji. Kasiani alitoa kichwa dirishani, akasema, "Msomi, utunze viatu," akaachia breki ya mkono, na gari likaondoka kama kitu kilichodondoshwa. Likaingia konani. Hatukusikia chochote.

Tukaanza kutembea. Mwanzo nilikuwa na aibu, nikapanga namna nitakavyotaniwa tukiwakuta chini wamekaa wanakunywa soda. Kona ya pili tukakuta harufu. Ilikuwa imesimama pale barabarani bila mwenyewe, kali, ya kitu kilichoungua ambacho hakikupaswa kuungua. Shangazi akaanza Salamu Maria, akafika katikati, akakatiza, akaanza tena. Mbele kidogo tukakuta kifuniko cha gurudumu kimelala kifudifudi. Nikakiokota, nikawa natembea nacho, sijui kwa nini. Labda kwa sababu mtu hawezi kupita tu.

Kuanzia hapo nilianza kuchungulia bondeni. Nilikuwa natafuta kitu cheupe huku nikiomba nisikione, na kule chini kila jiwe jeupe lilikuwa gari. Kila kona tuliyoikaribia, miguu ilipunguza mwendo yenyewe. Nilitaka tufike na sikutaka tufike. Joto la bonde lilikuwa limeanza kupanda, shangazi akiwa na sweta lake bado, jasho linamtiririka, wala hakukumbuka kulivua. Nilimwuliza kama anasikia chochote. Akaninyamazisha kwa mkono.

Ndipo mtoto akalia. Kilio kikali, cha hasira, cha mtoto mzima wa afya. Shangazi aliketi chini katikati ya barabara, akaanza kulia naye.

Tuliwakuta nyuma ya kona iliyofuata. Breki ilipomkatalia kabisa, Kasiani alikuwa amepata akili moja ya mwisho, akaielekeza pua ya gari kwenye udongo wa upande wa mlima. Lilikuwa limeingia kwenye udongo kama jembe, taa moja haipo, boneti imekunjamana. Masanja alikuwa ameshika mkono wake uliovunjika. Mkewe amekaa pembeni, kanga imejaa vumbi, amemkumbatia mtoto kwa nguvu mno, ndiyo maana mtoto analia. Kasiani alikuwa na damu usoni. Hatua chache mbele yao barabara ilikata kulia, na asiyekata nayo alikuwa anakwenda hewani.

Sasa sikiliza, maana kilichoniogopesha zaidi kinakuja hapa. Kasiani alirudi kwenye usukani, akazungusha ufunguo, na Korola ikawaka. Mara moja, kama asubuhi nyingine yoyote. Akairudisha nyuma, udongo ukamwagika kutoka kwenye pua ya gari, akacheka kicheko ambacho sijakisikia tena kwa mtu. Masanja naye, na mkono ule uliovunjika, akasema kwa heshima kabisa, "Hiki ni chuma," akamwambia mkewe ainuke, wapande. Na yule mama akaanza kuinuka.

Shangazi alipitisha mkono dirishani, akazima gari, akachomoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kitenge chake.

"Gari likivunjika, Kasiani, vipuri viko Sumbawanga kila duka," alisema. Hakupaza sauti. "Huyu mtoto vipuri vyake nikanunue wapi?"

Kasiani alijifuta damu usoni. Akashuka. Tulikwenda kwa miguu hadi chini, wote, Masanja mkono wake umefungwa kwa kanga ya uzazi, shangazi mbele na mtoto mgongoni. Hakuna aliyetania mtu.

Kwa hiyo nunua, mwanangu. Sikuzuii, na hata ningekuzuia ungenunua. Siku hizi wamemwaga zege kwenye kona mbaya, na unaweza kudhani hadithi yangu imezeeka. Mteremko ni uleule. Shuka injini ikinguruma, gia ndogo, petroli iungue. Hiyo ndiyo kazi yake. Ukinusa breki, simama zipoe, hata abiria wakinung'unika. Usijaze watu kwa sababu tu wanaingia. Abiria akikuambia anaogopa, usimcheke wala usimwambie gari ni zima. Msimamishie ashuke, na mzigo wake umpe taratibu. Na siku wewe mwenyewe utakapoogopa ukiwa umeshika usukani, sema kwa sauti. Gari halitakusaidia kuogopa. Gari zuri kama hilo ndiyo kabisa, litakuliwaza mpaka ukingoni.

Ukifika Milepa nipigie. Ukirudi juu nipigie pia, nitakuwa sijalala.

Nakubariki kwa mikono yote miwili. Mungu akupe abiria wema na barabara kavu, akuachie woga wako mzima usipungue, na akujalie uzeeke kuliko gari lako.